Kabwe si Kabwa

Kazi yangu ni kuandika vibao. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na mfanyabiashara hata akiwa na kibanda cha mbao nne anataka jina lake lionekane kutoka barabarani, kwa hiyo sijawahi kukosa kazi. Nimeandika famasi, saluni, depo za bia, garaji, shule za makanisa yote mawili, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. "Mungu ni Mwema" nimeiandika mara nyingi hadi mkono unaweza kuimaliza peke yake huku mimi nikiongea na mtu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilijihesabu kuwa mtu wa maneno.

Miaka michache iliyopita, prezida wa komite ya maji ya kartiye yetu, yaani mtaa wetu, alinijia akiwa na karatasi. Alikuwa mwuguzi aliyestaafu, Mprotestanti, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, anayefuta viatu kabla ya kuingia hata kwenye atelye ya mchoraji. Mji wetu uko juu ya vilima, na bomba haliwafikii watu wengi. Kati ya kilima na kilima kuna bonde, na chini ya kila bonde kuna chemchemi. Huko ndiko tunakoteremka na mabidoni, madumu yetu ya maji, asubuhi na jioni. Komite ilikuwa imemaliza kuzijengea chemchemi kumi na moja kwa simenti na mabomba mafupi, na sasa ilitaka kila moja iwe na kibao chenye jina lake.

"Majina yote iko hapa," aliniambia. "Andika vizuri, herufi kubwa, hata mutu wa macho mubaya aone."

Karatasi ile ilikuwa kopi ya kopi. Ilitoka kwenye buro moja ya serikali ambako karani aliwahi kupita akiuliza majina ya mabonde. Mengine yalisomeka vizuri. La tatu kwenye orodha lilikuwa limefifia mwishoni: K, A, B, W, kisha doa jeusi. Nilishika karatasi kwenye mwanga, nikaigeuza, nikaona kama A. Nikaandika A.

Inafaa niseme kwa nini sikuuliza. Mimi ni Munande, lakini nilizaliwa mjini. Mama yangu anatoka Kipese, juu kabisa, kwenye mashamba ya viazi na ngano. Nyumbani alikuwa akinisemesha Kinande nami namjibu Kiswahili, halafu shuleni Kifaransa kikaja juu ya vyote viwili. Kinande changu kilikuwa cha kusalimia mazishini na cha kununulia viazi sokoni. Majina ya mabonde kwangu yalikuwa sauti tu. Nilijua chemchemi fulani iko nyuma ya kanisa, fulani iko chini ya shule, basi.

Nilikata mabati kumi na moja, nikayapaka nyeupe, nikaandika kwa buluu, nikapigilia kila moja kwenye nguzo ya mkaratusi. Kazi ilinichukua wiki mbili. Prezida alishukuru, nikarudi kwenye saluni zangu.

Siku ya tatu, mwanamke mzee alikuja atelye. Alikuwa mfupi, mwenye kitambaa cha kichwa cha kijani na mwavuli wa mwanaume, na alisimama mlangoni bila kuingia, akiangalia mikono yangu. Nilimjua kwa sura. Kila mtu wa upande wetu alimjua, kwa kuwa aliuza puaro na karoti za Masereka kwenye kona kwa miaka mingi kabla ya magoti kumkataza.

"Wasibire, mukaka," nikamsalimia, kama tunavyowaita bibi zetu.

Hakujibu salamu. "Ni weye uliandika kibao ya kule chini?"

"Ndiyo, mukaka. Ni miye."

"Unajua mana ya ile kitu uliandika?"

"Ni jina ya chemchem."

"Hapana. Uliandika eti tunakunywaka mayi ya katoto ka mbwa."

Nilicheka. Kosa kubwa! Alinitazama mpaka kicheko kikaniishia mdomoni.

"Cheka," alisema. "Miye niko na siku mbili batoto banatubwekea. Mama akishuka na bidoni, wuu wuu! Batu ba ngambo banauliza kama tumesha kunywesha mbwa. Bibi-arusi wa jirani amekataa kushuka, anaenda kuteka mbali. Kuya uone."

Nilichukua vifaa vyangu, nikafunga atelye nikamfuata. Njiani akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni. Chemchemi inaitwa Kabwe. Kwa Kinande *eribwe* ni jiwe, na *akabwe* ni jiwe dogo. *Embwa* ni mbwa, na *akabwa* ni mbwa mdogo. Herufi moja tu. Tulipofika bondeni, vijana watatu waliokuwa wanaosha miguu wakaniona na kopo langu la rangi, wakaanza kubweka kwa furaha. Mmoja alibweka vizuri sana, sauti ya mbwa mdogo kweli. Wanawake waliokuwa kwenye foleni hawakucheka.

"Ni yeye uyu," mukaka akawaambia. "Nimemuleta."

Mtu akiwa na A ya herufi kubwa hawezi kuigeuza E. Ingekuwa O kuwa Q, dakika moja ingetosha. Ilinibidi nikwangue kwa wembe mpaka bati, nipake nyeupe, nisubiri ikauke, ndipo niandike upya. Butembo asubuhi ina baridi na ukungu, rangi haina haraka. Kwa hiyo nilikaa saa mbili na zaidi kwenye ukuta wa simenti, wanawake wakipita na mabidoni mbele yangu, na mukaka akakaa pembeni yangu ahakikishe sitoroki.

Katika kusubiri kule ndipo aliponisimulia. Aliletwa kwenye kilima hiki akiwa bibi-arusi kutoka Masereka, msichana ambaye hajawahi kuona gari zaidi ya moja kwa siku. Asubuhi ya kwanza mama-mkwe alimpa mtungi akamwambia, "Nenda Kabwe." Hakumwelekeza. Alitoka nje akiwa na woga wa kuuliza, akashuka njia ya kwanza aliyoiona, na chini akakuta jiwe, dogo mbele ya kilima lakini refu kama benchi, limelainika juu kwa kukaliwa. Wanawake wanne walikuwa wameketi juu yake wakingoja maji yajae. Walimtazama. Kisha mmoja akasogea, na wa pili akasogea, mpaka nafasi ikapatikana.

"Banasogea tu, bila kusema kitu," alisema. "Nikaikala. Tangu ile siku nikajua niko nyumbani."

"Na jiwe lenyewe liko wapi?"

Alipiga simenti kwa kiganja. "Uko unaikalia."

Mafundi wa komite walikuwa wamelifunika walipojenga. Hakulilalamikia. Simenti ilikuwa imemaliza matope na kuhara kwa watoto, alisema, na jiwe halina wivu. Lakini jina lilikuwa limebaki peke yake kulishuhudia, na mimi nikaja na burashi yangu nikalifanya mbwa.

Niliandika E. Niliiandika polepole kuliko herufi yoyote niliyowahi kuandika. Wanawake walisogea kuangalia, na yule kijana mwenye sauti nzuri akajaribu kubweka tena, mama mmoja akampiga kofi la mgongo, na huo ukawa mwisho wa mbwa.

Jioni ile nilimpigia mama simu Kipese, alikorudi kuishi. Nilimuuliza, kwa Kinande, jina la mteremko ulio nyuma ya jiko lake. "Ni nani uyu?" akauliza. Nikamwambia ni mwanawe. "Mwanangu anaongeaka na miye Kiswahili," alisema, na sikuweza kujua kama anatania. Halafu akaanza. Alinitajia mteremko, na shamba la juu, na shamba la chini, na mahali pa ng'ombe kuvuka, na kila jina akalieleza: pale palikuwa na miiba, pale upepo unapiga, pale mtu fulani aliapa hatarudi kisha akarudi. Nilikuwa nimepitisha likizo zangu zote kwenye mashamba yale na sikuwa najua kwamba yana majina. Yunite za simu ziliisha akiwa bado anataja. Nikakaa na simu mkononi, nimeona haya kidogo, na nimefurahi sana.

Prezida aliposikia habari ya mbwa hakucheka hata yeye. Alifuta viatu akaingia, akakaa. "Kama moja iko mubaya," alisema, "ile kumi ingine tunajuaje?" Akaniomba nizunguke na mukaka, chemchemi baada ya chemchemi, kuhakikisha. Nilinunua kaye ya mwanafunzi yenye mistari. Jumamosi kadhaa tulitembea, yeye na mwavuli wake, mimi na kaye na kopo la rangi, tukiteremka na kupanda kwa mwendo wa magoti yake. Aliwafahamu wazee wa kila bonde. Mahali asipojua jina alisema waziwazi, "Hiyo sijue, tuulize," na tukauliza. Nililipenda jambo hilo kwake. Nimekutana na watu wengi wanaojua maana ya kila kitu, na wengi wao wanaitunga palepale.

Hata Butembo yenyewe nilimuuliza. Wengine husema jina lilitokana na migomba ya porini iliyokuwa imejaa hapa zamani, ile isiyozaa ndizi za kuliwa. Mukaka alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Banasema vile. Baba yangu alikuwaka anasema ingine. Andika zote mbili." Nikaandika zote mbili.

Tatizo kubwa lilikuwa herufi. Kinande kina sauti ambayo midomo inakaribiana bila kugusana, kati ya B na V, na wazungu wa kwanza walioandika, mmoja alisikia hii na mwenzake ile. Ndiyo sababu hata leo utaona jina moja limeandikwa kwa V kwenye mlango wa shule na kwa B kwenye mlango wa dispensari iliyo jirani. Mukaka hakuona shida. "Weye andika, siye tutasoma vile tunasemaka," aliniambia.

Kosa la pili tulilikuta kwenye chemchemi ya saba. Orodha ilisema Kyamboga, nami niliandika hivyohivyo, nikiwa na uhakika, kwa kuwa pale kila asubuhi wanawake wa soko wanaosha mboga: sombe, lengalenga, kabichi, zimepangwa juu ya majani ya mgomba. Nilidhani jina limetoka hapo. Mukaka alisimama mbele ya kibao nikamsomea, kwani yeye hakusoma shule. Akaanza kucheka mpaka akashika nguzo.

"Kyambogho!" alisema. "Ya *embogho*! Ni mbogo, munyama wa pembe! Bababu balikuwaka bananasa mbogo hapa, akishuka kunywa mayi."

Karani alikuwa amesikia kwa sikio la Kiswahili. Mbogo amegeuka mboga. Nilitoa wembe wangu nikaanza kukwangua, na hapo wanawake waliokuwa wanaosha wakasimama.

"Papa, unafanya nini?" aliuliza mmoja, mwanamke mnene mwenye fungu la lengalenga kifuani.

Nikamweleza. Mukaka akaongeza habari za babu na mitego. Mwanamke alisikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho.

"Mukaka, tunakuheshimu," alisema. "Lakini miye mbogo sijamuonaka. Mama yangu hakumuonaka. Mboga tunaosha kila siku, na batu ba soko banajua: ukitaka mboga safi, enda Kyamboga. Ukitoa ile jina, batatupata wapi?"

Wenzake wakaitikia. Mukaka akajibu kwamba mbogo alitangulia. Wakasema mbogo ameondoka na hakuaga. Mabishano yalikuwa marefu na ya furaha, kwa Kinande na Kiswahili pamoja, nami nilisimama katikati na wembe kama refa asiyejua kanuni. Mwishowe mukaka mwenyewe aliketi kwenye jiwe, akachukua jani la kabichi lililooshwa, akalitafuna.

"Acha," aliniambia. "Bachie bo jina yabo. Lakini kwa kaye yako, andika mbogo."

Kibao kile kipo hivyo mpaka leo. Kwenye kaye yangu kuna mbogo.

Kwenye chemchemi ya tisa ilikuwa zamu yangu. Jina lake ni Lapirize, na mukaka alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba ni jina la mke wa mzungu mmoja wa zamani. Alikuwa hata na maelezo: mwanamke mwembamba aliyekuwa akiteremka na kofia. Nilipotamka jina kwa sauti nikalisikia. "Mukaka," nikamwambia, "hii ni Kifaransa. *La prise*. Ni mahali banakamata mayi, banaingiza kwa tiyo." Chini ya majani tukaukuta ukuta wa zamani wenye tundu la bomba lililooza. Alilitazama tundu kwa muda.

"Basi yule mwanamuke wa kofia alikuwa nani?" aliuliza.

Tulirudi tukila mandazi, naye kila hatua chache alisema "La prise!" akicheka, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyedhaniwa amekufa.

Katika matembezi yale nilikuja kufikiri juu ya majina yetu sisi watu. Wanande tunapewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mtoto wa kwanza wa kiume ana lake, wa pili lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukiita jina langu kwenye soko la Butembo, wanaume arobaini watageuka. Nilikuwa nimezoea kuona jina ni namba tu. Lakini mahali hapapewi namba. Mtu alikaa, akaangalia, akaona jiwe, au mbogo, au bomba, akasema. Ndiyo maana nadhani mukaka alikasirika kuliko ambavyo angekasirika ningekosea jina lake mwenyewe.

Kazi ilipokwisha, habari zilifika Beni, mji jirani ulio chini, kaskazini yetu. Kanisa la prezida lilikuwa na ndugu zake kule, waliokuwa wamejenga kisima kipya kwenye kartiye mpya, nao wakaomba kibao. Mukaka aliposikia alisema naye anakwenda: binti yake mdogo anaishi Beni na mumewe mkulima wa kakao, na alikuwa amejifungua mtoto ambaye bibi hajamwona. Tulipata nafasi mbele kwenye Fuso ya viazi ya rafiki wa prezida. Tuliondoka asubuhi, jua likiwa tayari limekausha barabara, kama wanavyofanya wote siku hizi. Hakuna mtu anayependa kuwa njiani jioni.

Mukaka alikaa dirishani. Butembo tuliiacha tukiwa na makoti, na kadiri barabara ilivyoshuka tukavua vazi moja moja, mpaka mukaka akabaki na kitambaa cha kichwa na kanga. Alitaja kila kilima. Dereva, mwanaume wa miaka kama hamsini, alimsikiliza kwanza kwa kupita tu, kisha akaanza kuongeza yake. Madereva nao wana majina yao, ya Kiswahili. Kona moja wanaiita Pilipili, kwa sababu lori la pilipili lilianguka pale na kijiji kizima kilipiga chafya siku mbili. Mteremko mwingine ni Funga Mukaba, kwa kuwa ukifika hapo unakaza mkanda na kuacha kuongea. Mukaka aliyapenda. Alinigusa kiwiko. "Andika."

Kuna sehemu ya barabara ambako hakutaja jina lolote. Vijiji vile nilivijua majina, kila mtu anavijua, kwa kuwa tumevisikia redioni asubuhi nyingi mbaya, baada ya watu kuuawa usiku. Dereva aliongeza mwendo. Tulipopita kijiji cha mwisho mukaka alisema taratibu, "Ile ya mwisho, mana yake ni mahali pa uyoga. Tulikuwaka tunakuya kutafuta uyoga, miye na dada yangu." Hakuniambia niandike. Niliandika hata hivyo.

Beni kulikuwa na joto, pikipiki kila upande, na harufu ya kakao inayochachushwa. Kisima kilikuwa pembezoni, kwenye kartiye ambayo nusu yake ni watu waliokimbia vijiji vyao, nyumba za mbao mpya na maturubai. Mchungaji aliyetupokea alinionyesha nguzo tayari imesimama. Nikafungua rangi, nikauliza jina.

Alikuna kichwa. Hakukuwa na jina. Mahali pale palikuwa kichaka tu miaka miwili kabla.

Watu walikusanyika haraka. Mwanaume mmoja alitaka liandikwe jina la kijiji chake. Mwanamke akataka la kwake. Mwingine akasema kijiji chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote viwili. Sauti zilianza kupanda, na si kwa mchezo kama ule wa kina mama wa mboga. Niliona mwanaume mmoja machozi yamemjaa akiwa bado anapaza sauti. Nilifunga kopo.

Mukaka alikuwa ameketi juu ya bidoni iliyopinduliwa, akipunga kanga usoni. Aliinua mkono, na kwa kuwa alikuwa mzee na mgeni, wakanyamaza.

"Miye sitoki hapa," alisema. "Niambiye kitu kimoja. Mama akiteka mayi hapa, akipanda, anafanya nini?"

Wakatazamana. Msichana mwenye mtoto mgongoni akajibu, "Anatua bidoni pale kwa muti. Mulima iko mukali."

"Na akishatua?"

"Anapumuzika. Siye bote. Tunapiga kidogo hadisi, tunaenda."

"Bote? Ba kijiji hii na hii?"

"Bote, mukaka."

"Na munaambianaka nini, mukifika kwa muti?"

Msichana aliona haya. "Tunasemaka tu, tupumuzike."

Mukaka alinigeukia. Akaonyesha kopo langu la rangi kwa kidevu. Mchungaji aliangalia watu, na yule mwanaume aliyekuwa na machozi akaangalia mti, kisha akainua mabega na kusema sawa. Nikaandika TUPUMUZIKE, herufi kumi, kwa buluu juu ya nyeupe. Niliandika kama wanavyotamka wao, si kama kamusi. Mwalimu mmoja aliyekuwa pale alinionya juu ya ile U ya ziada, nikamshukuru nikaiacha.

Wakati rangi inakauka, mwanajeshi alipita na bidoni yake mwenyewe, akauliza jina kwa Lingala, "Kombo nini?" Watoto watano walimjibu kwa pamoja.

Tulilala kwa binti wa mukaka. Kakao ilikuwa imeanikwa uani juu ya turubai, tukala fufu na samaki na sombe, na mukaka alimshika mjukuu wake kuanzia tulipoingia mpaka mtoto alipodai maziwa kwa kelele. Alimwimbia kwa Kinande majina ya vilima vya Masereka, moja baada ya jingine, bila maelezo. Mtoto alisinzia kwenye kilima cha nne au cha tano.

Asubuhi nilikumbuka nimesahau burashi yangu ndogo pale kisimani, ile ya kumalizia kingo, ambayo nilikuwa nayo miaka mingi. Fuso ilikuwa inangoja, kwa hiyo nilisimamisha pikipiki barabarani. Nilianza kumweleza dereva wake: pita nyuma ya soko, kisha kanisa jipya, kisha nyumba za mbao, kuna kisima.

"Papa," alinikatiza akiwasha injini, "si useme tu Tupumuzike? Panda, twende."